Kuna Mtu Amebaki Juu?

Nina bastola moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wakilisikia katikati ya mazungumzo huacha kusikiliza mengine yote. Ni ya risasi za milimita tisa, nyeusi, nzito kuliko zile wanazozipenda vijana wa klabu. Naipenda kwa uzito huo, maana bastola nyepesi hukurukia mkononi, halafu aliyekuuzia anakuambia ni wewe usiyejua kushika. Hukaa bila risasi, kifyatulio kimefungwa kufuli, ndani ya kasha lenye kufuli, ndani ya kabati lenye kufuli. Sheria ya Kanada inataka makufuli mawili. La tatu ni langu.

Jumapili mbili kila mwezi naipeleka klabu ya shabaha kaskazini mwa jiji, natoboa karatasi zangu, narudi nyumbani. Basi. Wanaodhani bastola itawaokoa siku ya janga nawacheka. Sisi tunakaa North York, ghorofa ya tisa. Umeme ukikatika kwenye jengo kama letu, pampu za maji husimama, na hapo mwenye ndoo ndiye mwenye silaha. Kule imambara, ukumbi wetu wa ibada, sijamwambia mtu kuhusu bastola. Mwanamume mwenye jina kama langu akitamka neno hilo hapa Toronto, vikombe vya chai husimama hewani, na mmoja kati ya waliosimamisha vikombe atakwenda kulisema mahali.

Mniite mshukivu, sitakataa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu nazipekua kila siku. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo Malton, karibu na uwanja wa ndege, na miaka yote hiyo imenifundisha kwamba kitu chochote kinaweza kuondoka popote mradi kina karatasi iliyopigwa muhuri. Kwa hiyo nikisikia habari za magari yanayoibwa usiku na kuonekana bandari za mbali, mimi sishangai, nauliza tu nani alipiga muhuri. Taarifa ya habari naamini nusu, na nusu hiyo nailinganisha na bei ya mayai. Jirani yetu wa kusini leo anatuita ndugu, kesho anatupandishia ushuru, keshokutwa anasema nchi yetu ingefaa iwe mkoa wake. Kiangazi, moshi wa misitu inayoungua huko kaskazini unafika mpaka kwenye roshani yetu, na wakubwa wanatuambia tufunge madirisha, kila kitu kiko sawa. Serikali yenyewe inashauri kila nyumba iwe na akiba ya siku tatu. Serikali ikisema tatu, mimi naweka kumi na nne.

Akiba haiozi, walisema wazee, ingawa hawakuwahi kuweka unga kando ya bomba la joto. Mke wangu alinicheka tulipoutupa mfuko mzima wenye wadudu. Lakini maji yangu yalikuwa sawa, na redio ya kuzungusha kwa mkono, na tochi, na mabegi mawili mlangoni yaliyofungwa tayari, moja langu na moja lake. Mawili. Watu katika nyumba ile tulikuwa watatu.

Wa tatu ni mama mkwe. Alitujia kutoka Dar es Salaam baada ya kufiwa na mumewe. Magoti yake yalikwisha zamani. Hutembea kwa fremu ya chuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha dirishani, sebuleni, na huko hukaa na tasbihi yake akitazama maegesho ya magari chini. Ni mwembamba, ana maneno machache, na mimi na yeye tuliishi kwa heshima ya mkwe na mkwe: shikamoo asubuhi, marahaba, chakula kimenoga mama, alhamdulillahi. Chumbani kwake sikuwahi kukanyaga.

Ofisi ya jengo letu huweka orodha ya wakazi wasioweza kutumia ngazi. Inakaa kwenye kisanduku karibu na mlango mkuu, ili zimamoto wakija wajue milango ya kugonga. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, mke wangu aliijaza fomu ya mama yake akanipa niipeleke ofisini. Sikuipeleka. Nilijiambia kwamba orodha ya wazee wasioweza kutoka ni orodha ya nyumba rahisi kuibiwa, na sikujua nani ana ufunguo wa kisanduku kile. Niliitia kwenye droo, chini ya betri. Mke wangu aliponiuliza, nilisema nimeshapeleka.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, kengele ya moto ililia. Mke wangu alikuwa kazini kwenye duka la dawa. Nilifungua mlango wa nje nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, harufu ya kweli, si ya kuwazia. Lifti zilikuwa zimesimama. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa siku kama hiyo, na mwili wangu ulifanya ulivyofundishwa: viatu, koti, begi langu. Halafu nikafungua kabati na kutoa kasha la bastola. Niliwaza kwamba nyumba ikiungua wataikuta, na mlango ukibaki wazi wataiiba, na vyovyote vile jina litakalotajwa ni langu. Mkono mmoja begi, mkono mmoja kasha. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshika fremu yake, ananitazama.

"Mama, lifti hazifanyi kazi," nilimwambia. "Kaa hapo hapo. Zimamoto watakuja kukushusha."

"Haya, baba," alisema. "Nenda."

Nilishuka ngazi nikijua ninachokijua kuhusu droo.

Chini, watu walikuwa wamejaa kwenye maegesho, kwenye theluji, wengine na kandambili. Kasha nilikuwa nimelifunika kwa koti, na niliogopa, maana kibali changu kinaniruhusu kuitoa bastola nyumbani kwenda klabu na kurudi, hakisemi neno juu ya kusimama nayo katikati ya majirani. Mtu wa zimamoto alitoka mlangoni na orodha mkononi. Alipita akituuliza mmoja mmoja. Alifika kwangu.

"Kuna mtu amebaki juu kwenu? Mtu asiyeweza ngazi?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliwaza akisikia ndiyo atataka namba ya nyumba na ufunguo, ataniambia niweke chini nilichobeba nimwelekeze, atauliza kuna nini humo. Nilitikisa kichwa. Akaenda kwa mwingine. Mama mmoja wa ghorofa ya kumi na moja alipiga kelele kwamba mumewe yuko juu, na vijana wawili wenye helmeti wakakimbia kumfuata yule mume.

Baada ya robo saa tuliambiwa turudi. Mkate ulikuwa umeungua kwenye kibaniko, ghorofa ya sita. Watu wakacheka. Mimi niliona haya, na nikapanda ngazi zote kwa miguu ingawa lifti zilikuwa zimerudi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitini, amejifunga mtandio wake wa kutokea, miguu imevalishwa viatu. Alikuwa amejiandaa kuchukuliwa.

"Baridi nje?" aliniuliza.

"Baridi, mama."

Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Jioni mke wangu alirudi amesikia habari za kengele kutoka kwa jirani, akauliza tulifanyaje. Kabla sijafungua mdomo, mama yake akajibu: "Kengele tu ile. Tulikaa hapa, tukanywa chai."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Ningeelewa kama angenisema. Mtu anayekufichia jambo bila kuombwa ana hesabu zake, hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilianza kumchunguza mwanamke wa miaka themanini kama mzigo wenye karatasi zisizolingana. Akisifia mchuzi wangu, nilijiuliza anataka nini. Wakijifungia chumbani yeye na binti yake, nilipunguza sauti ya televisheni. Alikuwa haombi kitu. Hata maji alianza kuyafuata mwenyewe jikoni, na fremu yake, hatua kwa hatua, na nikisema "Mama, si ungeniita," husema, "Usijisumbue, baba."

Mwezi wa tano leseni yangu ilikaribia kwisha. Huhuishwa kila miaka mitano, na fomu inamtaka mke naye atie saini, na chini ya saini pana maelezo kwamba mwenza mwenye wasiwasi wowote apige simu. Miaka mitano iliyopita mke wangu alisaini huku anakaanga vitunguu. Safari hii mambo yalikuwa mazito zaidi, maana siku hizi bastola haziuzwi wala hazihamishwi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Leseni ikifa, naikabidhi bastola kwa polisi, na nyingine sipati mpaka naingia kaburini. Nilimwekea fomu mezani.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza, na kabla sijajibu akafungua droo ya betri.

Mkono wake ulikaa drooni muda mrefu mno kwa mtu anayetafuta kalamu. Kisha aliziweka karatasi mbili sambamba mezani, yangu na ile ya mama yake, mwandiko wake mwenyewe, imekunjika kwenye pembe.

"Uliniambia umepeleka."

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe unayejua tarehe ya kuharibika ya kila kopo la maharage?"

Nilimweleza habari za kisanduku na ufunguo na wezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nalo hilo si jambo la kawaida kwake.

"Sasa siku ile ya kengele," alisema, "kama ungekuwa moto, nani angejua mama yuko humu?"

"Mimi ningemshusha."

"Vipi?"

"Ningembeba."

"Haya. Kesho utambeba, mimi nikiona. Ukimfikisha chini, nasaini."

Hapo nilikimbilia mila. Nilisema mama mkwe habebwi mgongoni na mkwewe, kuna heshima, watu watatuona ngazini, tutasemwaje? Sauti ikatoka dirishani, ile isiyozoea kutoka: "Heshima gani, baba? Nife kwa heshima?"

Mke wangu alicheka. Mimi sikuweza.

Jumapili asubuhi mke wangu alitutangulia kwa lifti akatungoja chini, fomu zote mbili na kalamu mkononi. Nilichuchumaa mbele ya kiti. Ghalani hutufundisha kuinua mzigo kwa miguu, si kwa mgongo, na nilijipanga kwa jambo zito, kumbe alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia uchungu. Mikono yake ilinizunguka shingoni, baridi, inanukia mafuta ya karafuu. Ghorofa ya nane. Ya saba. Niliweza. Hilo ndilo lililoniumiza, niliweza kabisa. Ya sita, goti likaanza kulalamika, nikamkalisha kwenye ngazi tupumzike, naye akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

Sikuwa nimepanga kusema, lakini nilisema.

"Mama, siku ile chini waliniuliza kama kuna mtu juu. Nikakataa."

Alipitisha punje mbili tatu za tasbihi.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa dirishani. Mtu wa zimamoto alisema nawe, ukatikisa kichwa, akakuacha. Nikavaa viatu, nikasema labda atarudi mwenyewe."

Nilikaa ngazi moja chini yake. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, hapakuwa na mtu wa kumficha. Nilimwomba radhi. Alisema yamekwisha, haraka haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

"Lakini mbona hukumwambia binti yako?" nilimuuliza. Miezi mitatu swali hilo lilikuwa limenikaa kooni. "Ulitaka nini kwangu, mama?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akatazama chini kwenye uwazi wa ngazi.

"Nitake nini, baba? Nyumba ni yako. Nikisema, mkagombana, mkaachana, mimi nitakwenda wapi? Na wewe una ile bastola yako kabatini. Mimi simjui mtu akikasirika anakuwaje."

Nilitaka kumwambia haina risasi. Nilitaka kumhesabia makufuli, moja, mawili, matatu. Maneno yalifika mdomoni nikayaona yalivyo, maneno ya mtu mwenye funguo. Miezi mitatu mimi nilikuwa namchunguza yeye, naye alikuwa anajifuatia maji mwenyewe ili asinikere.

"Tushuke," alisema. "Mwanangu anasubiri."

Nilimpandisha mgongoni tena. Tulishuka ghorofa zilizobaki, yeye akinishika shati, mimi nikishika reli. Mke wangu alitufungulia mlango wa chini, anacheka na kulia pamoja, akapiga makofi, na mtu aliyekuwa anatoka na mbwa wake naye akapiga makofi bila kujua sababu. Alisaini palepale, fomu yangu ameiegemeza ukutani. Kisha alinipa karatasi zote mbili, na ile ya mama yake akaiweka juu.

"Ulimwogopesha?" aliniuliza.

"Hata," mama mkwe alijibu badala yangu. "Mkwe wangu ana nguvu, masha Allah. Hata sikuogopa."

Nilikuwa nimeshamkalisha kwenye kiti cha ukumbini. Vidole vyake vilikuwa bado vimelikamata shati langu, na ilibidi mke wangu avifungue kimoja kimoja.