Ufa Aliobebeshwa Mama

Nikianza habari ya ule mtumbwi hasira hunipanda mpaka leo, na mimi sasa ni bibi wa vitukuu. Waliokuwapo siku ile nawakumbuka wote, jina kwa jina. Siwataji. Wameacha wajukuu, na wajukuu hawana kosa.

Tulikaa ukingoni mwa Ruvu, upande wa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Watu wetu walivua kambare na perege, na baba ndiye aliyewachongea mitumbwi. Mtumbwi mbichi haupigwi jua. Unawekwa kivulini, unafunikwa majani, unamwagiwa maji asubuhi na jioni, ukauke polepole. Tena kulikuwa na mwiko: mwanamke asiuruke mtumbwi ambao haujashuka majini. Akiuruka, hilo peke yake lilitosha kumrudisha kwao.

Siku hiyo baba alikwenda msituni kutafuta utomvu. Nyuma yake baba mdogo akapata wageni. Nilimwona kwa macho yangu haya. Aliyaondoa majani yote, wakausukuma mtumbwi hadi uwanjani, jua la saa sita, ili ajisifu.

"Tazameni kazi yetu!"

Kazi yetu! Huyo hata mpini wa jembe hakupata kuchonga. Wakaenda kula, wakausahau. Mama akapita na mtungi wake kutoka mtoni.

Baba aliporudi alasiri, ufa ulishatoka kichwani hadi katikati.

"Shemeji kauruka," baba mdogo akasema, wala hakupepesa macho. "Nimemwona."

"Nimepita pembeni," mama akasema.

"Pembeni!" Bibi, mama yake baba, akapiga makofi. "Basi mti umejipasua wenyewe, umeingiwa wazimu!"

Watu wakacheka. Nikasema, "Baba, baba mdogo ndiye aliyefunua majani."

"Wewe umekuwa fundi tangu lini?" baba akasema, na kofi juu.

Fundi alikuwa yeye! Majani yale yalikuwa kule kivulini yamenyauka, anayaona. Alijua jua linafanya nini kwenye mti mbichi kuliko mtu yeyote pale. Ila kumwaibisha ndugu yake mbele za watu hakuweza. Kumwaibisha mke aliweza.

Mama aliachwa wiki ile ile. Baba akaziba ufa kwa sufi na utomvu, na safari ya kwanza ya mtumbwi ule ikawa kumvusha mama kurudi kwao, ng'ambo. Baba mdogo ndiye aliyeshika kafi. Bibi alinikamata mkono nisimfuate.

Katikati ya mto maji yakaanza kuingia.

"Shemeji, chota hayo maji!"

Mama akashika kata, akachota, akamwaga, akachota, kanga zimelowa, mpaka ng'ambo. Akashuka na mzigo wake. Kisha akageuka, akaitupa ile kata mtoni, mbali.

Baba mdogo alirudi akichota maji kwa kofia yake.