Samaki Aliyeitwa Masika

Mama mkwe wangu wa Bwera aliniita kupitia mchuuzi wa kahawa: nimpeleke binti yangu Masika amwone. Nilielewa. Mke wangu alikuwa amefariki, na mimi sikuwa mtu wa kutulia. Leo Beni, kesho Fort Portal. Mama huyo alitaka kujua kama mjukuu wake analelewa. Akiona halelewi, angebaki naye. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Masika alikuwa bado hajaanza shule.

Tuliishi Kasese kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyeniletea samaki watatu aina ya ngege, waliokaushwa kwa moshi, kutoka ziwani Kahendero. "Usiende huko mikono mitupu," alisema. "Na fundo usiliguse!" Kwa mama mkwe, zawadi ya ukweni hufungwa kwa majani na kamba za mgomba, na yeye tu ndiye hulifungua fundo. Likifunguliwa njiani, umempelekea mabaki.

Kabla dada hajafunga mzigo, Masika aliwapa samaki majina. Sisi Wakonzo huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Binti yangu aliupenda utaratibu huo, akaupeleka kwa kila kitu: kuku, vifungo vya shati langu, hata mafiga ya shangazi yake.

Asubuhi tulipanda lori la chumvi lililokuwa likirudi Katwe. Masika alikuwa amevaa ndala ya kulia mguu wa kushoto, na ya kushoto mguu wa kulia.

"Badilisha, mama."

"Hapana, Tata. Leo zinatembeleana."

Njia nzima nilimfundisha: usiwaamkie mbuzi, usiipe miti majina, vaa ndala vizuri. Aliitikia kwa adabu zote, kisha akawapungia mkono nyati waliokuwa wamelala matopeni.

Kwenye kizuizi askari mmoja alipanda. "Wewe! Fungua mzigo!"

"Afande, ni samaki za mama mkwe. Nikifungua, nimekwisha."

Alinitazama, akacheka. "Hata mimi iko na mama mkwe. Pita!"

Kwenye njia panda ya Kikorongo tulishuka kungojea gari la kwenda Bwera. Kando ya barabara alikuwa ameketi mwanamke wa Kongo, miguu imevimba kwa kutembea, na mtoto mgongoni akilia kwa sauti ya kuchoka. Gari lilipofika, nilikwenda kuongea na dereva. Niliporudi, mtoto alikuwa amenyamaza, anatafuna. Masika alikuwa akihangaika na kamba ya mgomba.

"Aksanti, papa," mwanamke alisema. "Mutoto yako iko na roho ya Mungu."

Nikaukamata mzigo. "Masika! Umefanya nini?"

"Nimempa Masika tu, Tata. Ile ni ya kwangu, iko na jina langu. Biira na Kabugho ni za Bibi."

Nilijaribu kulifunga upya lile fundo, likakataa kufanana na la dada yangu.

Alasiri tukafika Bwera. Mama mkwe alitutazama kuanzia chini. "Ndala za mutoto zimepotea njia," alisema. Kisha akaupokea mzigo, akaligeuza fundo. "Nani alifungua?"

Nilikuwa nimeandaa uongo: askari. Sikuwahi kuutamka.

"Ni mimi, Bibi," Masika alisema. "Kulikuwa mutoto analia." Akamweleza yote, hata majina ya samaki.

"Na hawa wawili ni nani tena?"

"Biira na Kabugho. Waamkie."

Mama mkwe alifungua majani, nami nikahesabu nimeshampoteza mtoto. Halafu akainama kwenye majani. "Wasibire, Biira. Wasibire, Kabugho." Akaanza kucheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jioni tulikula bundu, ule ugali wa muhogo, na wale samaki. Masika akiwa amelala mapajani mwake, mama mkwe alisema taratibu, "Nilitaka kumukamata huyu. Lakini mutoto anayelelewa vibaya haone njaa ya mwingine. Rudi naye, mukwe. Utakuwa unanileteaga yeye."

Siku ya kurudi alitufungia ndizi mbivu na karanga za kukaanga. Nilitazama fundo: kitanzi chepesi, cha kuvuta mara moja tu. Alimpa Masika mwenyewe abebe. "Hii, mukiona mutu njiani, fungua."

Masika aliona watu wengi.

Nimesafiri sana tangu hapo, lakini safari hiyo fupi ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa nikimfundisha mwanangu kuficha kilicho kizuri kuliko vyote ndani yake. Nashukuru hakunisikia.

Tulifika Kasese na majani matupu. Dada yangu aliyakung'uta mlangoni. "Eeh! Na huko Bwera hawakukupa kitu?"

Masika alikuwa uani, akiwasalimia kuku kwa majina yao, ndala zake bado zikitembeleana.

"Wamenipa," nikamjibu. "Yule pale."