Abiria Asiye na Miguu

Rizuane wa kijiji cha Mute anaapa kwamba tangu aanze kupakia watu kwa pikipiki hajawahi kuangusha abiria. Walioruka wenyewe hawahesabiwi. Basi siku trafiki Valter alipomwandikia kosa la kubeba wawili nyuma, akachukua na karta yake ya udereva. Rizuane bila karta ni jogoo aliyenyonyolewa: kelele anazo, pa kwenda hana.

Wenzake walimshauri alipe anyamaze. Yeye akaenda mahakamani Palma kupinga, tena akadai kwa mwendesha mashtaka aonyeshwe ushahidi, maana Valter alipiga picha kwa simu. Wakamzungusha: mara mtandao hakuna, mara mkubwa kaenda msibani. Rizuane akahamia kwenye benchi lao, akamsimulia karani Ilda habari za jando lake, kisu kwa kisu, mpaka Ilda mwenyewe akaitoa picha.

Ilikuwa asali na shubiri. Mbele Rizuane, nyuma mama mkwe wake, Bi Cadija, aliyekosa gari la kwendea harusini. Katikati, sufuria ya pilau imevikwa kanga, mfuniko umefungwa kilemba, ili vumbi lisiingie na wakwe wasigusane. Kwao mtu na mama mkwe hata mkeka hawachangii, seuze pikipiki. Lakini mkono wa Bi Cadija ulionekana umeivuka sufuria, umekamata shati la mkwe. Akiionyesha picha, aibu. Asipoionyesha, karta ndiyo kwaheri.

Akaionyesha.

Hakimu Nélia akaikuza, akamgeukia Valter. "Shefe, huyu wa katikati miguu yake umeipeleka wapi?"

Watu wakacheka. Valter akajitetea kwamba kwa mbali alionekana mama mnene. Akaitwa Bi Cadija kuthibitisha. Alimpa Rizuane mgongo, akaongea na hakimu tu, na sufuria haikumshughulisha. Kilichomuuma ni ule mkono.

"Mwambie huyo, mimi sina desturi ya kushika waume wa binti zangu. Angeendesha kama binadamu, ningeshika sufuria yangu."

Valter akachomoa kalamu aandike kosa la mwendo. Hakimu akamwuliza kama mwendo nao ameupiga picha. Hakuwa nayo, alikuwa na mama mkwe tu, na mama mkwe hana mshale wa spidi. Shitaka lilikuwa watu watatu, na hapa palikuwa na wawili na pilau. Karta ikarudi.

Nje, Bi Cadija alikubali kupakiwa tena mpaka Mute, ila kwa sharti alilolipitisha kwa Ilda: itafutwe sufuria kubwa zaidi, yenye vishikio.