Muuguzi Aliyetaja Kipindupindu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, mkuu wa afya wa wilaya hakunionyesha ofisi. Alinipeleka moja kwa moja wodini, kwa mtoto aliyeugua surua, akaniambia niyatazame vizuri macho yale mekundu na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio.

"Huyu ameletwa," akasema. "Kazi yako ni kujua nyumbani wamebaki wangapi."

Ndiyo kazi tuliyoiita ufuatiliaji wa magonjwa. Muuguzi wa zahanati anaona dalili, anatuarifu, nasi tunawahi kabla ugonjwa haujaenea. Mzee yule alikuwa mkali kwa mengi, lakini muuguzi akituita bure alimshukuru. "Afadhali tuchome mafuta bure kuliko tufike kwa mazishi," alikuwa akisema. Kwa hiyo wauguzi wa Kitale walitupigia simu hata kwa tumbo la kuvimbiwa. Nilidhani kila mahali ni hivyo.

Nilipohamishiwa upande wa Bungoma, nilipata mkubwa mwingine. Simtaji jina. Huko ndiko nilikomjua Sista Nekesa, muuguzi msimamizi wa zahanati moja ndogo karibu na Kamukuywa. Asubuhi moja alinipigia simu.

"Afisa, nina watu wazima hapa wanahara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wote wanateka kwa chemchemi ya sokoni."

Kwa taratibu zetu, mtu mzima anayehara hivyo hadi kuishiwa maji mwilini anatosha kushukiwa kuwa na kipindupindu. Maabara huja kuthibitisha tu. Nilienda, nikachukua sampuli, nikarudi kuomba klorini na ruhusa ya kuwatangazia watu.

"Subiri maabara," mkubwa akasema. "Ukitaja kipindupindu soko litafungwa, na tuna wageni wiki hii."

"Mkubwa, wanaendelea kunywa yale maji."

"Nimesema subiri."

Tukasubiri. Sista Nekesa naye alisubiri kutwa nzima, halafu uvumilivu ukamwishia. Kesho yake alifika chemchemini, akawaambia akina mama wachemshe maji, na akautaja ugonjwa kwa jina lake. Wengi walimsikia. Mama Naliaka, aliyeuza nyanya pale sokoni, alikuwa ameshateka ya kwake jana yake. Alifia nyumbani majibu yakiwa bado njiani. Yalipokuja yalisema kipindupindu, kama dalili alizonieleza Sista kwa simu.

Nilitarajia ashukuriwe. Badala yake alipewa uhamisho, ati amezua taharuki, akapelekwa mbali huko Mlima Elgon, watoto wake wakabaki kwa nyanya yao. Nilienda kumtetea. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nidhamu ni nidhamu, akaniuliza kama nami nimechoka na Bungoma.

Wauguzi wengine waliliona hilo. Tangu hapo nikipiga simu zahanati ya Myanga au kwingineko nilijibiwa kwa upole, "Huku ni salama, bana. Hakuna kitu." Ripoti za kila wiki zilifika kwa wakati, sifuri juu ya sifuri, na ofisi yetu ikasifiwa kwa kuwahi. Lakini sifuri hutoka pasipo na ugonjwa, na hutoka pia pasipo na anayethubutu kuuona. Surua ilipotuingilia, hakuna zahanati iliyotuarifu. Tuliijua wodi ya watoto ilipojaa.

Nilistaafu katika hali hiyo. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii sasa mna simu nzuri na kompyuta, na ninafurahi. Ila hakuna kompyuta inayoweza kumlazimisha muuguzi aliyetishwa aseme alichokiona. Tulikuwa na wauguzi walioona mapema, tukawafundisha kunyamaza. Nikiwaza kazi yangu yote, hilo ndilo linaloniuma.

Juzi nilipita Webuye nikamkuta Sista Nekesa. Aliacha kazi ya serikali, ana duka la nguo za watoto. Alinikaribisha chai, tukaongea habari za nyumbani, na mwishowe nikamuuliza kama yangetokea tena angeripoti.

"Ningeripoti, Mzee," akasema, akikunja sweta ndogo. "Lakini ningeanza na wale mama wa chemchemi. Nyinyi ningewapigia baadaye."

Alisema nyinyi. Nami nilikuwa nimeketi mbele yake, nikinywa chai yake.