Tangi Jipya na Tangazo Nililotia Sahihi

Wasomaji, bado naona aibu. Mimi ni mjane niliyemaliza shule nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na wapangaji wangu hapa Kitengela wanajua kwamba nikiandika tarehe, siivunji. Tangi la juu ya paa lilipoanza kuvuja, nilibandika tangazo langoni: “Jumanne tarehe tisa, saa tatu hadi saa tano, tangi litabadilishwa. Msihangaike kuhifadhi maji. Nimepanga kila kitu mwenyewe.” Nikatia sahihi.

Jumatatu tangi jipya lilishushwa uani. Ili maji yasikawie kurudi, niliita lori la maji nikalijaza tangi papo hapo uani, lita elfu tano.

Jumanne, fundi Mutua alilikata lile kuukuu vipande vipande, kisha yeye na wenzake wanne wakalisukuma jipya ili walipandishe paani. Halikutikisika. Mutua akafungua kifuniko.

“Mama, hii iko na maji! Nani amejaza?”

Mabomba yalikuwa yamekauka, na wapangaji walioniamini walisimama uani na ndoo tupu. Mama Nyambura wa chumba cha pili akaliendea tangazo, akasoma kwa sauti, polepole: “Nimepanga kila kitu mwenyewe.”

Kisha akasoma jina langu, majina yote matatu.