Ufa Nyuma ya Jiko la Mzee Asumani

Marsiana alianza kuchimba changarawe Rusimbi akiwa na miaka ishirini na mitatu. Miaka minne baadaye ukuta wa shimo ulimwangukia. Wachimbaji walikuwa wameula kutokea chini, kama watu wanaochimba pango, kwa sababu changarawe nzuri ilikuwa huko. Udongo wa juu ukabaki unaning'inia. Ulipodondoka, Marsiana alifukiwa hadi kiunoni na mguu wa kushoto ukavunjika. Dada yake Frida, aliyekuwa akichekecha pembeni, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Wengi walidhani hatakanyaga tena machimboni. Alirudi baada ya miezi minane akichechemea, maana sasa alikuwa na watoto wawili wa Frida wa kulea. Tangu hapo hakumvumilia mtu anayechimba kutokea chini. Ukuta ukatwe kwa ngazi, kidato kwa kidato, kuanzia juu, alisema, na maji ya mvua yachepushwe kabla hayajafika ukingoni. Gasper aliponunua eneo lile, alimfanya msimamizi.

Juu ya shimo, upande wa mashariki, ilikuwepo nyumba ya Mzee Asumani, fundi cherehani ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alipoijenga, shimo lilikuwa mbali. Mwaka hadi mwaka likamsogelea.

Mvua za Machi zilipochachamaa, Marsiana aliona ufa ardhini nyuma ya jiko la mzee, mrefu kama hatua tisa. Akapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, akafunga uzi katikati yake. Asubuhi ya pili uzi ulikuwa umekatika.

Alimfuata Gasper. "Upande ule tusichimbe tena. Vijana wote wapande juu tupunguze udongo."

"Tipa tatu zinasubiri, dada. Mkandarasi atanielewa kweli?"

"Basi shuka ukazijaze mwenyewe."

Gasper alitazama chini shimoni, kisha akawatazama wachimbaji, ambao tayari walikuwa wameweka sururu begani na kusimama nyuma ya Marsiana. Hakushuka.

Kwa Mzee Asumani mambo yalikuwa magumu zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha?"

"Nakuomba jiko lihamie barazani. Nawe ulale chumba cha mbele, kule barabarani."

"Jiko hilo alilijenga marehemu mke wangu kwa mikono yake."

"Najua, mzee. Nakuomba hivyo hivyo."

Alinung'unika, lakini alikubali. Yeye na Marsiana walibeba masufuria wenyewe. Kwa siku mbili wachimbaji walikata ukingo kwa ngazi, wakachimba mtaro wa kupeleka maji korongoni, na kurundika mawe makubwa chini ya ukuta ili usiteleze.

Siku ya tatu, saa sita mchana, mvua ikinyesha, ardhi ilinguruma. Jiko lilizama na kuteremka pamoja na udongo, likakwama kwenye ngazi ya pili. Nyumba ilibaki imesimama, ukuta mmoja ukiwa na ufa. Hakuna aliyeumia.

Marsiana alipofika juu, alimkuta mzee amesimama kwenye mvua.

"Miaka yote hii mmekuwa mkichimba kuja kwangu!" alifoka. "Leo ndiyo mnaniokoa?"

Marsiana angeweza kumtaja Gasper, au mwenye eneo wa kwanza. Hakufanya hivyo.

"Ni kweli, mzee. Hata mimi nilichimba."

Mzee aliingia ndani, akafunga mlango. Kwa mwezi mzima hakumsalimia. Gasper alimjengea jiko jipya upande wa barabara, akaamuru lile pengo lijazwe udongo na kushindiliwa, kisha akasimika mawe ya mpaka hatua ishirini kutoka nyumbani: kuanzia hapo hadi nyumbani mtu asipige sururu. Marsiana alikuwa akiyahesabu mawe yale kila asubuhi, kwa hofu kwamba yatatembea kuelekea nyumba ya mzee.

Asubuhi moja alisikia akiitwa kutoka juu.

"Mwakeye, Marsiana!" Mzee Asumani alimwamkia kwa Kiha, lugha ya kwao Marsiana. Alikuwa ameshika mche wa mgomba. "Nikipanda hapa ukingoni, udongo utashika?"

"Mgomba ni mzito, mzee, na mizizi yake ni mifupi. Panda matete kwanza. Mgomba uweke kule karibu na barabara."

"Umenihamisha mimi, umehamisha jiko, sasa na mgomba?"

Wakacheka wote wawili. Marsiana akapanda kilima polepole na mguu wake mbovu, akaenda kumwonyesha mahali pa kuchimba.