Kadi ya Chipu Mbili na Ng'ombe wa Binti Yangu

Binti yangu kitinda mimba alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, aliyepewa na baba yake kabla baba huyo hajatuacha. Ng'ombe alikaa kwangu Chawia, huku juu milimani, na nyasi nilimkatia mimi. Namtaja yeye kwanza kwa sababu kijana aliyetaka kumwoa binti yangu alitaka auzwe, na auzwe kwa ajili ya kipande cha kuchomeka ndani ya kompyuta.

Wajukuu huniuliza kwa nini nikiona gemu nasonya. Nasonya kwa sababu hiyo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Kijana alikuwa na chumba chake Voi, karibu na barabara ya malori. Alikuwa ameweka kompyuta na kuziba dirisha kwa gunia ili jua lisipige skrini. Humo waliingia watu wazima, utingo wa malori wenye ndevu zao, wakalipa ili wacheze mpira wakiwa wameketi. Mpira, na makalio yako kwenye benchi! Wavivu nimewaona wengi maishani, lakini mvivu anayelipia uvivu wake sikuwa nimemwona.

Basi ng'ambo ya barabara mtu mwingine akafungua chumba kama hicho, chenye picha nzuri zaidi, na utingo wakaanza kuvuka. Kijana akashuka Mombasa, akarudi na kadi mbili za picha, kwa makubaliano na mwenye duka kwamba azijaribu kisha arudishe moja. Kadi ya picha ndiyo inayochora kile unachokiona kwenye skrini, hivyo ndivyo nilivyoelezwa. Moja ilikuwa na chipu moja, yaani ubongo mmoja wa kuchorea, na hiyo angeimudu mwenyewe. Nyingine ilikuwa na chipu mbili, na bei yake ilikuwa ng'ombe wa binti yangu.

Nikaitwa nishuke nikaone, kwa maana ng'ombe hatoki zizini bila neno langu.

"Karibu Mama, keti hapa penye feni," kijana akaniambia.

Feni yenyewe ilikuwa imeelekezwa kwenye kompyuta. Mimi nikajipepea kwa kanga.

Akaanza kunihubiria. "Sasa Mama, hii ina chipu mbili. Moja inachora picha hii, nyingine inachora picha inayofuata. Zinapokezana. Kazi ya mmoja inafanywa na wawili."

"Kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja."

"Eeh! Ona! Mama ameelewa kuliko watu wa hapa mjini!"

"Na mmoja akikosa mdundo?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu anayemchekea mtoto aliyeuliza mbingu imeshikiliwa na nini. Kicheko hicho sikukipenda na bado sikipendi.

Akatuonyesha gemu ya ndege za vita. Kwa kadi ya chipu mbili zilipaa laini kabisa, na moshi ukaonekana kama moshi. Akageuka kunitazama kana kwamba ndege ameziunda yeye. Binti yangu, ambaye alikuwa akimsaidia humo chumbani mchana kutwa bila mshahara wa kueleweka, akamwuliza, "Hao utingo, huwa wanacheza ndege?"

"Wanacheza mpira. Lakini wakiona ndege..."

"Weka mpira."

Akaweka. Binti akacheza. Akabonyeza, na yule mtu wa kwenye skrini akakaa kidogo kama anayefikiria, ndipo akapiga. Akabonyeza tena, ikawa vile vile.

"Mguu unachelewa," binti akasema.

"Ni mkono wako."

"Mkono wangu jana ulikuwa mzima."

Akamwomba aweke ile ya chipu moja. Kijana akafungua kompyuta huku akinung'unika, akabadilisha, akaifunga. Mpira ukachezwa. Ndege zilikuwa zinakwama kwama kidogo, hilo sikatai, lakini kwenye mpira mguu ulipiga pale pale alipobonyeza. Hata mimi nisiyejua lolote niliona. Kijana peke yake ndiye hakuona, na macho alikuwa nayo mawili.

"Tuchukue hii," binti akasema. "Hata haina joto kama ile. Ile ukiweka mkono nyuma ni kama jiko, na hapa ni Voi."

"Wewe huelewi biashara. Watu wanataka kusikia mbili. Nitaandika pale nje kwa rangi: chipu mbili. Yule wa ng'ambo ana moja."

"Kwa hiyo tunanunua ya kuandikwa ukutani?"

Kijana akanigeukia mimi, kana kwamba mwenye ng'ombe hayupo. "Mama, haya ni mambo ya kisasa. Mwambie."

Mimi nikaendelea kujipepea. Nilitaka kujua mwanangu anapelekwa kwa mtu wa namna gani.

Binti akamwuliza, "Humu ndani anayeamua ni nani?"

"Mimi. Duka ni langu."

"Sawa. Basi uza ng'ombe wako."

Ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na pikipiki, akaiuza. Kadi ya chipu mbili ikakaa, ukuta ukapakwa rangi, na nasikia wiki ya kwanza chumba kilijaa watu waliokuja kutazama ndege. Binti alikuwa amepanda nami Chawia siku ile ile. Hakulia, na mimi sikumbembeleza.

Kisha kijana akaja kumchukua. Alipanda kutoka stendi kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini, amejaa habari. Nikampa chai. Akasimulia kuhusu ukuta, na watu, na yule wa ng'ambo alivyonuna. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama mlangoni na ndoo ya kukamulia.

"Na mpira?" akamwuliza. "Mguu bado unachelewa?"

Kijana akamalizia chai yake. Kule nje ng'ombe akalia, maana saa yake ilikuwa imefika.

"Watazoea," akasema.

Binti akatoka na ndoo yake akaenda kukamua. Kijana akasogeza kikombe mbele ili niongeze chai. Nikakichukua, nikakiosha, nikakigeuza kifudifudi kwenye kichanja cha vyombo.